Majina Matatu

Kadi ya kliniki ina mstari unaodai majina matatu ya mtoto. Kwa sisi tuliopita shule za serikali, mstari huo hausimamishi kalamu: jina lako, la baba yako, la babu yako, umemaliza. Tumeuandika tangu darasa la kwanza, kwenye madaftari, kwenye fomu za mitihani, kwenye vitambulisho. Siku moja nikiwa kwenye benchi la zahanati moja ya ukanda wa Bukundi, nimemsindikiza shangazi yangu anayefuata dawa za presha, niliuona mstari ule ukimshinda mama mmoja wa Kitaturu.

Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amelegea kwa homa. Nesi aliuliza jina la mtoto, akajibiwa. Akauliza la baba, akajibiwa kwa sauti ya chini. Akauliza la babu. Mama akanyamaza.

"Babu yake mtoto, mzaa baba, anaitwa nani?"

Mama aliinamisha uso akawa anazungushazungusha bangili za shaba mkononi. Nesi akarudia, kisha akarudia tena, safari hii sauti imepanda: inakuwaje mtu aolewe, azae, na asijue jina la baba mkwe wake? Foleni ilikuwa ndefu. Wapo waliocheka. Mwishowe mama mmoja mtu mzima, Mnyiramba, jirani yake, alisogea dirishani akasema, "Huyo hawezi kulitaja, mwanangu. Andika hivi." Akalitaja yeye, na kalamu ikatembea.

Tukio zima halikufika dakika tano. Mimi nimekaa nalo zaidi ya mwaka.

Kwa Wataturu, ambao wenyewe hujiita Datooga, mke hatamki jina la baba mkwe wake wala majina ya wakubwa wa upande wa mumewe. Tena haishii kwenye jina. Neno lolote la kila siku linalofanana kwa sauti na jina hilo nalo huliweka kando, akatumia neno jingine mahali pake. Jina la mkwe likikaribiana na neno la kitu cha jikoni, bibi arusi hujifunza kukiita kitu hicho kwa namna nyingine, na wanawake wenzake humwelewa kwa kuwa nao wana majina yao ya kuepuka. Wanaisimu wameichunguza desturi hii, Alice Mitchell akiwa mmoja wao, na wakakuta akiba nzima ya maneno mbadala ambayo wanawake wameyatunza na kurithishana. Mama yule, basi, alilijua jina la mkwe wake kuliko mtu yeyote pale dirishani. Alijua hata maneno yanayolikaribia. Alichokosa ni mtu wa kujua kwamba kimya chake kilikuwa jibu, na jibu la mtu aliyelelewa vizuri.

Nesi simlaumu. Alikuwa peke yake asubuhi ile, na watu wamejaa hadi chini ya mti. Alitoka mkoa wa mbali, akapangiwa kituo, akapanda basi na begi lake. Sidhani kama kuna somo chuoni lililomwambia kwamba siku moja atauliza swali dogo la fomu na kumbe anamwagiza mwanamke avunje adabu ya kwao mbele ya umati. Fomu ilichapwa na watu wasioifahamu Bukundi, ikaletwa Bukundi, na yeye akaachiwa aibu ya kuitumia. Ila aibu iliyobaki kwa mama ni kubwa zaidi, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu aibu husafiri. Itasimuliwa kisimani, itasimuliwa kwenye maziwa ya jioni. Mwanamke mwingine ambaye mtoto wake ameshikwa na homa ataikumbuka, atasema ngoja tuone mpaka kesho. Homa ya mtoto mchanga haina kesho nyingi.

Bukundi ni kata ya wilaya ya Meatu, katika ukanda unaoteremka kuelekea bonde la mto Sibiti na ziwa Eyasi. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma, kwa hiyo ukikaa ofisini Bariadi, makao makuu ya mkoa, ni rahisi kuuona mkoa kama nyumba ya familia moja. Meatu haikubali hesabu hiyo. Humo kuna Wasukuma, kuna Wanyiramba ambao ndugu zao wako ng'ambo ya Sibiti upande wa Singida, kuna Wataturu na ng'ombe wao, na wapo Wahadzabe, wachache, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kisukuma na Kinyiramba ni ndugu. Kitaturu kiko katika ukoo wa lugha za Kinailoti, mbali kabisa. Kihadzabe hakijapatiwa ndugu popote duniani. Siku ya mnada watu hawa wote husimama kwenye vumbi moja, na Kiswahili ndicho mkeka wanaokalia.

Tuliozaliwa Usukumani tunafundishwa mapema kwamba shida haitangulii salamu. Asubuhi ni *mwangaluka*, jioni ni *mwadila*, na salamu ina mwendo wake: unauliza ya nyumbani, unajibiwa *mhola*, kwamba ni amani, hata kama kuna mgonjwa ndani. Amani inatangulia, ugonjwa unafuata. Mgeni anakaribishwa, anapewa pa kukaa, anapewa maji, ndipo mwenye mji anauliza kwa upole kilichomleta. Mgeni anayefika na kutaja haja yake akiwa bado wima anaonekana kama mtu anayedai deni.

Nimekuwa nikijiuliza: kwenye zahanati, nani mgeni na nani mwenyeji? Tumezoea kudhani mgonjwa ndiye mgeni. Jengo ni la serikali, dirisha ni la serikali, na yeye amekuja kuomba. Kadiri ninavyolifikiri jambo hili ndivyo ninavyoona tumeligeuza. Mama yule alikuwa nyumbani. Udongo ule ni wa kwao, na babu ambaye jina lake halitamkwi pengine amezikwa si mbali na pale. Aliyefika ni zahanati. Iliyofika ni shule, ni mradi wa maji, ni afisa wa kuandikisha kaya. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mara nyingi tunaishika nusu ya pili tu, tukafurahia kupona, tukasahau kwamba neno la kwanza humwita mtu aje kama mgeni, na mgeni ana adabu zake. Anabisha hodi. Anauliza viatu vinaachwa wapi.

Shangazi, tulipokuwa tukirudi, aliniambia habari ya choo. Sikutegemea, maana si mazungumzo ya shangazi na mtoto wa kaka yake, lakini nadhani tukio la asubuhi lilikuwa limemfungua. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilizindua kampeni ya Nyumba ni Choo, kampeni njema, na maofisa wakapita vijijini kuhesabu. Kaya yenye choo bora iliwekewa alama. Sasa *kaya* kwa Kisukuma ni nyumbani, na nyumbani kwa Msukuma ni mji wa watu: mzee, wake zake, wana waliooa, wakamwana, wajukuu. Kaya za Simiyu ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini. Karatasi ilisema choo kipo. Na kilikuwepo. Ila mkamwana haendi choo anachoingia baba mkwe. Hawezi kukutana naye mlangoni, hawezi hata kuonekana anaelekea huko mzee akiwa amekaa uani. Shangazi alipoolewa alisubiri giza, kila siku, miaka minne, hadi mumewe alipojenga mji wake mwenyewe. Miaka minne ya kubana haja, ya kunywa maji kidogo kiangazi ili mchana upite. Na kwenye daftari la kijiji, kama lingekuwepo enzi zile, angehesabiwa kuwa ni mtu mwenye choo.

"Wangeuliza," alisema, "tungewaambia wajenge viwili, milango itazame pande tofauti." Hilo tu. Miti michache zaidi, bati mbili zaidi. Ni kitu ambacho mwanamke yeyote wa Meatu angemwambia afisa, kama afisa angekuwa mwanamke, au angekaa, au angepata muda wa kunywa maji aliyopewa.

Huduma inayofika bila kuuliza ina historia ndefu kwetu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa wema: kuokoa udongo, kuzuia mmomonyoko, kuwapa watu maji na malisho. Wataalamu waliamuru matuta yafungwe, samadi imwagwe shambani, mihogo ipandwe, mifugo ipunguzwe. Aliyekaidi alitozwa faini. Mtaalamu aliona ng'ombe wengi mno juu ya ardhi iliyochoka, na kuhusu ardhi hakukosea. Hakuona kwamba ng'ombe yule ni mahari ya kijana wa kaka, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni rambirambi, ni undugu unaotembea kwa miguu minne. Kumwambia mzee apunguze ng'ombe ilikuwa kumwambia apunguze jamaa. Mwaka 1958 hasira ililipuka Geita, watu wakaandamana hadi Mwanza, na serikali ikaachana na amri zile za lazima. Udongo haukupona.

Baada ya uhuru tulirudia kosa kwa mikono yetu wenyewe. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha Wasukuma kutoka miji yao iliyotawanyika, ikawapanga kwenye mistari karibu na barabara ili shule na zahanati ziwafikie. Nia ilikuwa safi, nami ni mmoja wa watoto walionufaika na shule zile. Lakini kuhama kule kuliacha nyuma kitu ambacho hakikuwa na jina katika hati za serikali: *ngitili*. Ni eneo la nyasi na miti ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, likaachwa limee bila kuguswa, kisha likafunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kulimia, na wanyama wagonjwa. Mtu akihamishwa kilomita kumi, ngitili yake inakuwa pori la kila mtu. Ukichanganya na misitu iliyokuwa imefyekwa miaka mingi kwa ajili ya mbung'o na kwa ajili ya pamba, mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ulikaribia kuwa jangwa.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Huu napenda kukaa nao kidogo, kwa sababu ni mara chache nchi inapata mfano mzuri wake yenyewe, na huu tumeusahau haraka. Kupanda miti ya vitaluni katika nchi kavu ni kazi yenye hasara nyingi. Mche unataka maji, mbuzi anautaka mche. Watu wa HASHI walifanya jambo ambalo wataalamu wa 1947 hawakulifanya. Waliwauliza wazee: zamani mlikuwa mnafanyaje? Wazee wakasema, tulikuwa na ngitili. Basi mradi ukaacha kuwafundisha watu miti, ukawasaidia kurudisha walichokuwa nacho. Sheria za kulinda hazikuletwa kutoka wizarani peke yake, zilipita kwenye *dagashida*, baraza la jadi la wanakijiji, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazisimamia. Mwanzoni ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ardhi iliyorudishwa ilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti mingi haikupandwa na mtu. Mizizi ilikuwepo chini, inangoja kuachwa.

Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa katika tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sijui ni watumishi wangapi wanaopangiwa Simiyu leo wanaoambiwa habari hii siku ya kuripoti kazini. Ningekuwa na mamlaka, ningeifanya kuwa habari ya kwanza.

Kuna msemo unaopendwa majukwaani kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mimi huusikia kwa tahadhari. Katika mkoa huuhuu na mikoa jirani, bibi vizee wameuawa kwa kukatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na waliowaua walisema wanalinda kijiji dhidi ya uchawi. Wasichana wameozwa kabla hawajamaliza shule kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wanasubiriwa. Ndoa hizo zilipata kinga katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mtu asije akaniambia niyaheshimu hayo kwa jina la utamaduni. Bibi aliyeuawa naye alikuwa mwenye utamaduni. Yeye ndiye aliyekuwa ameubeba.

Ila hata hapa, aliyeijua jamii ndiye aliyefanya kazi. Macho ya bibi ni mekundu kwa nini? Kwa moshi. Amepika miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na miti ilipokwisha akapikia samadi kavu, ambayo moshi wake ni mkali kuliko wa kuni. Ukame uliozaliwa na kupotea kwa ngitili uliingia hadi jikoni, ukakaa machoni mwa mwanamke mzee, na mtu akausoma kama uchawi. Tena mara nyingi nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba. Mjane asiye na mtoto wa kiume ana ardhi ambayo shemeji anaitaka. Shirika la MAPERECE la Magu lililielewa fundo hili lote kwa pamoja. Lilifundisha majiko yasiyojaza moshi nyumbani, likawasaidia wazee katika mambo ya mirathi, likakaa na waganga wa jadi na sungusungu badala ya kuwakwepa. Polisi wangeweza kufika baada ya mauaji. Jiko linafika kabla.

Kwa hiyo kuijua mila si kuisujudia. Ni kujua mlango uko wapi. Nesi anayesikia kwamba mtoto mwenye degedege amepelekwa kwanza kwa mganga anaweza kufoka, na akifoka, mama mwingine hatasema kweli. Wengi wetu tumelelewa tukiamini degedege ni ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, ambao sindano inaweza kuuzidisha. Imani hiyo imeua watoto. Nesi anayeuliza bila kukunja uso, "Mmempa nini nyumbani, mama?" atajua dawa gani iliyotangulia, ataitibu malaria, na mama atarudi kijijini akiwa na neno jipya kuhusu degedege. Huyo wa pili ameipinga mila kwa nguvu kuliko wa kwanza.

Wahadzabe ndio wanaotupima zaidi, kwa kuwa wako mbali zaidi na fomu zetu. Mwaka 1964 serikali changa ya nchi yetu iliamua kuwapatia maendeleo. Iliwakusanya Yaida Chini, bonde lililo ng'ambo ya ziwa Eyasi, wakapewa nyumba, mahindi na ahadi ya shule na hospitali. Katika muda usiofika mwaka maradhi yaliwaingia, wengi wakaugua, wakafa watu, na waliobaki wakarudi porini. Walikuwa watu wa kambi ndogo zinazohama kila baada ya majuma machache. Ukiwajaza mahali pamoja, kuhara, kifua na surua vinawapata wote kwa siku moja. Ule uhamaji tulioudhani ni ushamba ulikuwa kinga yao.

Na jambo jingine. Afisa akifika kambini kwao huuliza kama anavyouliza kila mahali: kiongozi wenu nani? Wahadzabe hawana chifu. Hakuna mtu mwenye amri juu ya mwingine, nyama ikipatikana inagawanywa, na asiyeridhika anahamia kambi nyingine. Afisa hawezi kuondoka bila jina kwenye karatasi, kwa hiyo anamchagua anayezungumza Kiswahili vizuri. Tangu siku hiyo kambi ina mwenyekiti ambaye haikumwomba, misaada inapita kwake, na ugomvi ambao haukuwepo unazaliwa. Kisha ripoti inasema jamii hii haina ushirikiano. Hata mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao umewasaidia wanyonge wengi na mimi ni shahidi, unahitaji kaya yenye mkuu wake na makazi yanayojulikana. Mtu ambaye kaya yake ni kundi la marafiki chini ya mbuyu kwa wiki tatu, ataandikwa wapi?

Palipofanyika vizuri, kitu kilianza kwa kuuliza ardhi ni ya nani na inatumiwaje. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaida walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, kama jamii. Hati iliandikwa kuwafuata wao. Hicho ndicho ninachokitamani kwa kila karatasi inayofika Meatu.

Wenzetu wa mashariki ya Kongo walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018, wahudumu walishuka Beni na Butembo na magari, walinzi wenye bunduki, na maelezo katika lugha ambazo bibi wa Kinande hazielewi. Mgonjwa alichukuliwa, akaingia nyuma ya turubai, na ndugu zake wakaletewa mfuko uliofungwa. Watu wakasema, nani anajua mmemfanya nini humo ndani? Wahudumu walishambuliwa, na wapo waliouawa. Palipowekwa vyumba vya plastiki angavu, ndugu aliweza kumwona mgonjwa wake, kumsemesha, kumwona akinywa uji. Familia zikapewa nafasi kwenye mazishi. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Ukuta unaopitisha macho ni jambo dogo. Lilihitaji mtu wa kuuliza ndugu wa mgonjwa wanaogopa nini.

Najua jibu nitakalopewa. Watumishi ni wachache, dawa hazitoshi, nesi mmoja anafanya kazi ya watatu, nawe unamtaka ajifunze majina yasiyotamkwa? Hoja hii ina haki ndani yake. Lakini hesabu nyingine ifanywe pia. Nesi yule aliuliza swali moja mara tatu. Mama Mnyiramba alilimaliza kwa sentensi moja. Ujuzi uliohitajika ulikuwa pale benchini, umekaa, unasubiri zamu yake ya kupimwa presha, na haukumgharimu mtu senti. Kilichokosekana ni desturi ya kuuita.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaochaguliwa kutoka vitongoji na mitaa wanakoishi, wanafundishwa na kulipwa. Sijaona mpango wa miaka ya karibuni unaokaribia jambo hili kuliko huo. Ndiyo maana neno langu la mwisho nalielekeza kwa wanaosimamia uchaguzi wa wahudumu hao katika wilaya ya Meatu, na katika kila wilaya yenye watu wa namna nyingi. Mkikaa kuchagua, msijaze orodha nzima na sisi tuliobahatika kumaliza kidato cha nne na kusema Kiswahili cha dirishani. Mtafuteni mama wa Kitaturu anayejua maneno ya kukwepa. Mtafuteni kijana wa Kihadzabe anayejua kambi imehamia wapi mwezi huu. Ikiwa cheti ndicho kinachowazuia, pelekeni hoja hiyo juu, ijadiliwe, cheti kipatiwe njia. Na siku nesi mpya atakaposhuka basi Bukundi na begi lake, huyo mama awe mtu wa kwanza kumpokea, wakae wiki nzima pamoja kabla nesi hajafungua daftari.

Kadi nazo huchapwa upya. Ongezeni mstari mmoja chini ya majina matatu: jina limetajwa na nani.